Vidonge Nilivyovikuta Ndani ya Soksi

Sauda,

Salamu tutapeana kesho kwenye basi, mbele za watu, kwa adabu. Sasa hivi sina salamu. Nina hasira, na nimekaa mbele ya cherehani na kalamu mkononi kwa sababu nikikusubiri mlangoni nitapiga kelele, na kelele nimekupigia miaka miwili mizima bila faida yoyote niliyoiona.

Leo asubuhi, ulipotoka kwenda Buterere kumuaga bibi yako, nilifungua sanduku lako ili niweke gauni la safari nililolimaliza jana. Sikuwa napekua. Haya, nilikuwa napekua kidogo. Nikashika soksi zako nyeusi, moja ikawa nzito. Nikaikung'uta juu ya kitanda, vikamwagika vidonge vyeupe, vile vidogo, vile unavyosema vinakuvalisha uso wa mtu mwingine. Vilikuwa vingi. Kila asubuhi nakuona unaweka kidonge mdomoni, unainua glasi, unasema bismillahi. Sikujua kwamba bismillahi ilikuwa ya maji tu.

Na mimi fundi wa nguo, mtu wa kupima watu maisha yangu yote, sikushtuka. Jumanne nilipokuzungushia futi kiunoni nikakuta umepungua, nikashukuru Mungu kwamba sasa unarudi kuwa wewe. Juzi nikakuona unafungua chupa ya chai kwa viganja, vidole umevikunja. Nikakuuliza una nini. Ukanijibu, "Baridi tu, Mama." Baridi ya wapi, Sauda? Hapa Bujumbura, mwezi huu, watu wanalala na madirisha wazi, na mimi nikakubali kwamba mwanangu ana baridi.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika, marafiki, wala vijana wa Dar es Salaam huko unakokwenda. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka. Nataka kuandika habari ya mwili wako na makosa niliyoufanyia. Kuna moja hulijui. Nitalifikia, usirukeruke karatasi.

Ulikuwa na miaka kumi na saba mashavu yalipoanza. Wekundu ulitokea juu ya pua, ukaenea huku na huku, halafu ukaanza kuwa mweusi pembeni. Hapa Buyenzi kila mwanamke anajua maana yake. Msichana anayeungua mashavu amepaka mkorogo usiku na kutoka nao juani. Sikuhitaji daktari. Nilipindua godoro lako nikitafuta kopo. Nilinusa taulo lako. Uliniambia, "Mama, apana, mi sijapakaa kitu." Nikakujibu, "We mutoto, unaniona mi mujinga?" Nikakupeleka bombani, mbele ya wanawake waliokuwa wanachota maji, nikakusugua uso kwa sabuni ya kufulia, halafu nikakusimamisha pale uani juani ukauke, wote wakuone, iwe funzo.

Kesho yake uso ulikuwa umeiva na midomo ina vidonda kwa ndani. Nikasema hiyo ndiyo dawa inatoka. Miezi mingi baadaye dokta aliponiambia kwamba jua ndilo linalouchochea ugonjwa huo, nilikumbuka ule uwanja wetu, na saa ile, na jinsi ulivyosimama bila kulia. Ungelia, labda ningekuondoa juani mapema. Hata hilo nimewahi kukulaumu moyoni, ona nilivyo.

Baadaye ukawa huwezi kufunga vifungo vya shati la shule asubuhi. Nikasema uvivu. Nywele zikabaki kwenye mto. Nikasema umesuka kwa kukaza sana. Kwa kila kitu nilikuwa na jibu. Halafu ukaanza kunenepa, na hapo ndipo nilipofurahi.

Hilo la kunenepa linanikera mpaka leo. Majirani walikuwa wakisimama mlangoni wananiambia, "Eh, Mama Sauda, mutoto amenona muzuri, aksanti Mungu." Na mimi nacheka. Sketi ya shule ilikubana, nikaipanua. Baada ya wiki mbili ikakubana tena, nikaipanua tena. Mara ya tatu kitambaa kikaisha, nikaweka kipande pembeni, nikifanya kazi yangu na kuimba. Viatu vikakataa kuingia. Mtu gani ananenepa miguu kabla ya mikono? Swali hilo ni la fundi. Mteja angekuja na vipimo vile ningemuuliza. Wewe sikukuuliza, kwa sababu nilikuwa nasifiwa.

Dokta wa kule Rohero, yule mama mwembamba wa miwani, alifanya kitu kimoja tu. Alikubonyeza mguu mbele, juu ya kifundo, kwa kidole gumba. Akatoa kidole, shimo likabaki. Tukaliangalia wote watatu. Akaniambia, "Mama, hii si mafuta. Hii ni maji. Figo zinaumia." Nilitazama lile shimo nikaona sketi yangu na kile kipande changu cha pembeni.

Walikupima malaria, wakakupima ukimwi, wakapima mkojo ukatoka povu kama la sabuni, na damu nyingine ikapelekwa mbali tukangoja majibu. Yalipokuja, jina la ugonjwa lilikuwa lupus, neno ambalo sijalipenda tangu siku ile. Nilimuuliza dokta mdudu wake ni yupi, nikamuue. Malaria najua mbu. Tumbo la kuhara najua maji. Huu niugombanie na nani? Akaniambia hakuna mdudu. Alipoona sielewi, akavuta kiti.

"Mama, unajua zamu?" akaniuliza. Nani hajui zamu, walinzi wale wanaokaa kwenye malango ya nyumba za Kiriri? Akasema kila mwili una zamu wake, kazi yake kufukuza wageni wabaya. "Sasa zamu ya Sauda haitambui tena mwenye nyumba. Inaona ngozi yake, inapiga. Inaona viungo, inapiga. Imefika kwa figo, inapiga." Nikamwambia basi mfukuze huyo zamu. Akacheka kidogo. "Ukimufukuza, mama, wezi wote wataingia. Tunamupooza tu, na anapoozwa kila siku, maisha yote."

Wakati huo nilikuwa napiga chafya, maana nilitoka moja kwa moja kwenye vitenge vipya, na unajua vumbi la kitenge kipya linavyonifanya. Dokta akanielekezea kalamu. "Na wewe pia una zamu mubaya," akasema. "Wako anapiga kelele juu ya vumbi. Vumbi haina kosa, lakini yeye anaamusha nyumba nzima." Kwa hiyo mimi mwili wangu unagombana na vumbi na wako unagombana na wewe mwenyewe. Hiyo ndiyo familia yetu, hata damu yetu haitulii.

Ukaanza dawa. Zile za kukinga, ndugu wa dawa za malaria, na hivi vidogo vyeupe. Maji yakatoka, miguu ikarudi, vidole vikafunguka. Ukavaa mikono mirefu na mtandio mkubwa kujikinga na jua bila mimi kukuambia, mavazi yale yale niliyoyapigania tangu ukiwa na miaka kumi na mbili. Dokta alisema mara moja ukasikia. Sawa.

Halafu uso ukawa wa mviringo. Mara hii ilikuwa kazi ya vidonge, dokta alituonya, akasema vikipunguzwa polepole utarudi. Watu wazima wakakusifu tena. Wenzako wakafanya lingine. Ulirudi shuleni siku moja, ukatupa mfuko, ukasema, "Wanasema mi nakunywa deksa." Nilijua maana yake vizuri. Wasichana wanatafuta vidonge vya namna hiyo wanavinywa kwa siri wapate mashavu na makalio, halafu wanachekwa. Mara ya kwanza uliambiwa umejichubua, na aliyesema ni mama yako. Mara ya pili ukaambiwa umejinenepesha. Mara zote mbili ulikuwa mgonjwa tu. Nakumbuka nilikujibu, "Achana nao," nikaendelea kukata kitambaa. Leo nikiangalia soksi naona kwamba hukuachana nao, na kwamba jibu langu halikuwa jibu.

Sasa lile usilolijua.

Unakumbuka harusi ya mama yako mdogo Zaina. Unajua Zaina alivyokuwa, mwembamba kama uzi, na umri unakwenda, na yule bwana amepatikana kwa shida. Nilikuwa nashona gauni lake na kila nikimpima analia. Siku moja wewe uko shuleni, akaona boksi la dawa zako juu ya kabati. Akaniambia, "Dada, nigawie kidogo tu, za kufika ku harusi. Unaona hii mashavu yangu? Bwana atasema ameoa mugonjwa."

Nikamgawia.

Sikufikiri hata muda wa kutia uzi kwenye sindano. Nilikuona wewe umenona, uso unang'aa, boksi limejaa. Nikasema moyoni, mtoto amepona, dawa nyingi, ndugu yangu analia. Nikamhesabia vya majuma mawili kwenye karatasi. Zako zikaisha kabla ya siku ya kurudi kwa dokta. Nikakuambia, "Zimeisha, tutatafuta wiki ijayo." Tukazunguka kila farmasi, hazikuwepo. Mafuta ya magari yalikuwa yamekosekana, mizigo haifiki. Unakumbuka ulivyoniuliza kama inaruhusiwa kukaa bila kunywa? Nikakuambia siku chache haziui mtu. Nilisema vile kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku ya nne ulitapika mpaka ukashindwa kusimama. Siku ya saba miguu ilijaa tena na mkojo ukawa rangi ya chai. Tulikupakia kwenye gari la jirani, na kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu kizito namna ile sitaki kukumbuka.

Dokta alikuja na faili lako. Akahesabu tarehe. Akasema dawa alizotoa zilipaswa kufika mpaka mwisho wa mwezi. Akakuangalia wewe, mgonjwa umelala, akasema kwa ukali, "Umewapa wenzako wanenepe? Sema kweli." Ukasema, "Apana, dokta. Mi nilikunywa zote." Halafu ukanigeukia mimi. Uliniangalia ili niseme neno.

Nikasema, "Watoto hawa, dokta."

Maneno matatu. Dokta akaandika kitu kwenye faili. Ukageuka ukutani. Hukuniuliza siku ile wala siku nyingine, na mimi nikajidanganya kwamba umesahau. Wiki mbili na siku kadhaa ulilala pale. Harusi ya Zaina ilifanyika wewe uko kitandani. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, kila mtu alimsifu, na gauni lilimkaa vizuri kuliko yote niliyowahi kushona. Jioni nikakuletea pilau kwenye sahani iliyofunikwa. Hukuweza kuila, chumvi umekatazwa. Baada ya miezi miwili mashavu ya Zaina yalikuwa yamerudi yalikotoka. Figo zako, dokta alisema, sehemu iliyokufa hairudi.

Kwa hiyo nikikugombeza leo juu ya vidonge, ujue ni nani anagombeza. Najua sina haki, na bado nagombeza, kwa sababu figo zilizobaki ni zako na ni hizo tu. Umevificha kwa ajili ya mashavu. Mimi nilivitoa kwa ajili ya mashavu. Umejifunza nyumbani, na hilo ndilo linaniudhi kuliko soksi.

Nilipomaliza kuvirudisha kwenye chupa, nilivaa, nikaenda Rohero kwa miguu, sikungoja gari. Dokta alikuwa na watu wengi. Nilikaa. Nilipoingia nilimwambia kwanza habari yako, kwamba umeacha hivi vidogo, siku sijui ngapi. Hakukasirika. Akasema wasichana wengi wanafanya hivyo na wanawake wakubwa pia, kwa sababu ya uso, na kwamba angependa umwambie mwenyewe kwamba uso unakuumiza, kuna njia ya kupunguza polepole, ila si kwa kukata kama umeme. Akasema usianze tena kwa pupa peke yako. Anataka kukuona kwanza.

Halafu nikamwambia habari ya Zaina. Ilinichukua muda. Chafya zilikuja, au sijui zilikuwa nini. Dokta alivua miwani akanitazama, na Sauda, nimeangaliwa vibaya na watu wengi katika maisha yangu, wateja, polisi, marehemu bibi yako mzaa baba, lakini si hivyo. Akatoa faili lako. Akanionyesha alichoandika siku ile, kwa Kifaransa, akanisomea: mgonjwa anaruka dawa, inasadikiwa anagawa. Mstari ule umekaa pale mwaka mzima. Kila dokta aliyefungua faili lako alikuwa anausoma kabla ya kukusalimia. Sasa naelewa kwa nini yule dokta kijana wa mchana alikuwa anakuuliza maswali kama askari. Sasa naelewa kwa nini uliacha kujibu.

Nikamwomba aufute. Akasema faili halifutwi, lakini linaongezwa. Akapiga mstari mmoja juu ya maneno, akaandika chini yake kwamba dawa zilitolewa na mama bila mgonjwa kujua. Akaweka tarehe ya leo. Akanipa kalamu nikasaini. Barua utakayompelekea dokta wa Dar es Salaam imeandikwa upya, na ule mstari wa zamani haumo. Utaingia kule kama mtu ambaye hajawahi kudanganya dokta. Hizi wiki za soksi ameandika pia, lakini ameandika "anasumbuliwa na mabadiliko ya uso, azungumze na daktari," na ni kweli.

Kesho saa moja asubuhi anatungoja. Kikopo cha mkojo nimekiweka juu ya cherehani, usijifanye hukukiona. Basi linatoka saa nne. Akisema figo zinaweza, utapanda. Akisema haziwezi, hupandi, na utaninunia mwezi mzima na utakaa hapa ukininunia ukiwa hai. Sitamwomba dokta akuruhusu. Sitamwomba akuzuie. Nimemaliza kusema kwa niaba yako mbele ya dokta. Nitakaa nje.

Sitaki unisamehe kwenye basi. Watu watakuwa wanatazama na wewe utaona aibu. Ukitaka kunikasirikia, anza leo jioni, kuna wali na maharage yasiyo na chumvi, tutakula tukikasirikiana.

Kitu kimoja cha mwisho, hiki ni cha fundi. Lile gauni la safari nililishona likukae kiuno cha Jumanne. Mchana huu, nilipotoka Rohero, nimelifumua nikalishona upya. Ndani ya mishono nimeacha nafasi, vidole viwili kila upande. Mashavu yatarudi kwa muda, na kiuno pia, na watu watasema yao. Likianza kukubana polepole, wiki hadi wiki, hiyo ni dawa inafanya kazi. Chukua wembe, fumua mshono wa ndani, shona wa nje. Likikubana ndani ya siku mbili na kidole gumba kikaacha shimo mguuni, usifumue chochote. Nenda hospitali siku ile ile.

Vidonge nimeviweka kwenye mkoba wa mkononi, juu ya kila kitu, yeyote atakayefungua avione. Ile soksi nyeusi nimeirudisha mahali pake. Ndani yake kuna uzi wa rangi ya gauni.

Mama